Zamu ya Kugeukia Ukutani

Habari kwamba toleo la tano la Falme za Mto linatengenezwa ilimkuta kazini, ameinamia mashine ya kuchonga lenzi za miwani, vumbi la kioo limemganda vidoleni. Simu ilitetemeka mezani, ikatulia, ikatetemeka tena, mpaka mwenye duka akamuuliza, "Mama, huko kuna msiba au kuna harusi?"

"Kuna vita," alijibu.

Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa kujenga miji, kulisha watu na kupanga majeshi kandokando ya mto mmoja mrefu. Yeye na mdogo wake waliuanza tangu toleo la kwanza, yeye akiwa mgeni kazini na mdogo wake bado mvulana wa shule. Kompyuta ilikuwa moja, tena imeshapita mikono mingi kabla ya kufika kwao, kwa hiyo walicheza kwa zamu. Mmoja alipopanga mambo yake, mwingine aligeukia ukutani asione. Marehemu mama yao kila alipofungua mlango na kukuta mtoto mmoja ameuelekea ukuta, aliuliza, "Huyu kakosa nini tena?"

Yule mvulana sasa ni fundi wa lifti, mashabiki wenzake wanamwita Jemadari, na ana mke. Tusimsingizie huyo mke. Ni mwalimu wa chekechea, sauti yake laini kama pamba, na hakumfukuza mtu. Lakini tangu harusi, jioni zote zilikuwa zake, na dada mtu alibakiwa na Jumamosi, nayo ni Jumamosi ya kuonewa huruma. Kila alipokwenda kwao kucheza alishindwa. Yeye, aliyekuwa akimpiga mdogo wake mpaka machozi yanamtoka! Alijiambia kwamba ndoa imemnoa.

Kilichomchoma zaidi ni picha ya harusi, kubwa, yenye kioo mbele, iliyotundikwa kwenye ukuta uleule wa kugeukia. Kila ilipofika zamu ya mdogo wake, dada mtu aligeuka akakutana uso kwa uso na bibi harusi. Yeye mwenyewe alikuwa pembeni kabisa, mpiga picha kamkata, kabakiza bega na sikio moja. Basi aliinamisha kichwa akatazama kucha zake mpaka aambiwe "tayari". Alikuwa na hakika picha ile iliwekwa pale makusudi, ili ajue kwamba mla ni mla leo.

Kwenye kundi la simu la mashabiki, matumaini yalimwagika. Mfamasia alitaka tembo wa vita. Kinyozi alitaka wakulima waweze kuasi, "maana toleo la nne unawatoza kodi mpaka kwenye kivuli na bado wanakupigia makofi." Mwingine aliomba tu mchezo usigande mtu anapokaribia kushinda. Lakini ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya zamu. Watengenezaji walikuwa wamewauliza mashabiki kila mahali: kuchezea mashine moja kwa kupokezana kubaki, au kila mtu awe na mashine yake, wakutane mtandaoni? Kundi liliamua kupiga kura, lijibu kwa sauti moja.

Jemadari aliandika: "Zamu zikiondolewa, mimi sinunui. Mchezo huu ni watu wawili, chumba kimoja."

Dada mtu aliusoma ujumbe ule, akausoma tena, na moyo ukalainika. Kumbe hajasahau. Kisha ukaja wa pili: "Mimi na mke wangu hatulali bila kucheza. Nani atatunyang'anya hilo?" Kundi likajaa makopa mekundu.

Mimi na mke wangu. Maneno hayo aliyarudia moyoni huku akichonga lenzi, akaichonga ndogo kupita kiasi, ikamdondoka mteja kwenye fremu palepale mbele ya kioo cha kujitazamia. Akaomba radhi, akachonga nyingine. Alipomaliza alinawa mikono, akachukua simu na kupiga kura yake: kila mtu na mashine yake. Kama kiti si changu, basi kisiwe cha mtu. Alijua fika kwamba zamu zikiondoka, hata zile Jumamosi zake zimekwenda. Wivu ndivyo ulivyo, huchoma nyumba nzima ili umuunguze mpangaji mmoja.

"Lo!" aliandika Kinyozi. "Dada mtu kampinga Jemadari! Kikulacho ki nguoni mwako." Kura zikawa sawa kwa sawa, na zilikuwa zifungwe Jumapili.

Jumamosi wifi yake alimpigia simu. "Wifi, njoo. Mume wangu huyu ameitwa, lifti imekwama na watu ndani. Tucheze sisi."

Alikwenda. Wifi alimkaribisha kiti, akamtazama kama anavyowatazama watoto waliogombana mchangani. "Nimeona umezikataa zamu. Nani kakuudhi, mpenzi?"

"Hakuna aliyeniudhi. Mambo yanabadilika."

"Haya. Naanza mimi. Geuka, na hakuna kuchungulia, eti."

Aligeuka. Siku hiyo mdogo wake hakuwepo wa kumwona akiumia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza hakutazama kucha. Aliinua uso aitazame picha hiyo barabara, ajue bibi harusi kamshinda kwa lipi. Na katikati ya shela nyeupe akaona mto. Mto, daraja, vibendera vyekundu vinatembea. Skrini yote ilikuwa mle kwenye kioo, imegeuzwa kushoto kulia, na yeye mtu wa vioo alielewa mara moja anachokiona. Jeshi la wifi linakwenda darajani. Ghala limeachwa bila mlinzi.

Angeweza kunyamaza. Alinyamaza kidogo, kusema kweli, akatamani ushindi ule.

"Wifi," alisema hatimaye, "ghala lako liko wazi."

Kipanya kilikoma. "Umejuaje?"

"Njoo usimame hapa nilipo."

Wifi akaja, akatazama. Akarudi kusogeza kipanya, akaja tena mbio. "Kila zamu yangu," alisema, "huitazama picha hii wala hapepesi macho. Mimi nikasema, huyu mwanaume jamani ananipenda."

"Mimi nikasema kaiweka ili nikutazame wewe, nipate akili."

"Kumbe mwizi."

"Kumbe mwizi."

Walicheka mpaka wifi akakaa chini sakafuni. Kisha akanyoosha mkono kwenye fremu. "Tuishushe."

"Usiiguse," alisema dada mtu, na tayari alikuwa ameshika simu, akiibadilisha kura yake. Zamu zibaki. Kinyozi akauliza kulikoni; akamjibu kwamba ana vita hajavimaliza.

Jemadari alirudi na mafuta ya lifti kwenye shati. Alimkumbatia mke kwanza, na dada mtu akasikia kile kisu kidogo cha wivu kikipita mahali pake pa siku zote. Kisha akamgeukia. "Dada! Nimeiona kura. Nilijua huwezi kunitupa."

"Nitakutupa wapi? Cheza na mkeo, mimi natazama."

Ikafika zamu ya mke. Jemadari aligeuza kiti, akaielekea picha ya harusi yake kwa mapenzi mengi. Wifi akapeleka jeshi darajani, polepole, lionekane vizuri. Halafu akakohoa. Dada mtu akainuka na kikombe chake cha chai, akaenda kusimama ukutani, mgongo kwenye picha, akapuliza chai bila haraka huku wifi akilirudisha jeshi lote ghalani.

Jemadari alijiinamisha kushoto. Akajiinamisha kulia.

"Dada, sogea kidogo basi, unanizibia."

"Nakuzibia nini, mdogo wangu?"

Jemadari akaanza kufuta mafuta kwenye shati lake.

"Mjibu dada, mpenzi," wifi alisema kwa sauti ya chekechea, bila kugeuka. "Sote tunakusikiliza."