Mihogo ya Mama Mkwe kwenye Kinu cha Maji

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, mama mkwe alikuja kutoka Kasenga kukaa nasi Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Unga mweupe aliopewa mume wangu kazini haukumpendeza. Aliuweka kiganjani, akaunusa, akauliza, "Hii bunga walisagia wapi?" Sikujua. Nilikuwa nikiula tangu utotoni bila kujiuliza.

Jirani akamwambia kwamba kwenye shamba la misheni, njia ya Kipushi, bado kuna kinu kinachozungushwa na maji. Tangu hapo mama mkwe hakuniacha nipumue. "Maji iko nazungusha jiwe namna gani? Twende tuone." Jumamosi tukapanda lori na kikapu chake cha mihogo mikavu. Njiani mvua ikatunyeshea.

Msagaji alikuwa mzee mwembamba, nyusi zimejaa unga. Alivunja kipande cha muhogo, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haiyakauka."

"Imekauka, Papa. Maji iligusa juu tu."

Akakubali shingo upande. Jiwe likaanza kunguruma, sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zangu. Punde mlio ukawa mzito, jiwe likajikokota, likasimama. Mzee akatoka mbio, akashusha ubao wa kuzuia maji kwenye mfereji. Nje, gurudumu kubwa la mbao likabaki likichuruzika maji.

"Nilikuambia!" akasema aliporudi.

Niliona aibu. Mama mkwe yeye alikuwa akikaza kitenge chake. "Papa, sasa utafungua? Na sisi tuone?"

Mzee akainua jiwe la juu kwa mti na kabari. Kati ya mawe kulikuwa na ute mweupe kama gundi. Mama mkwe akapiga magoti, akaukwangua kwa kucha, mpaka ikaonekana mikato iliyochongwa kutoka katikati hadi ukingoni.

"Nani alichora hii?"

"Mimi, na patasi. Ikiisha makali, nachonga tena."

"Hata mi, kwetu, jiwe yangu ya kusagia naigonga-gonga hivi. Ikikuwa laini, haisagi tena."

Hasira zikamtoka yule mzee. Wakaulizana maswali kama mafundi wawili: jiwe lilichimbwa wapi, kwa nini mikato mingine ni mifupi, unga unafanywaje usiungue. Niligusa jiwe, lilikuwa na joto kama chungu kilichoepuliwa. Shuleni hakuna aliyeniambia kwamba mawe yakisuguana hupata moto kiasi kile. Tukakwangua sote watatu hadi alasiri.

Mihogo tuliianika juu ya bati la nyumba siku nne, kisha tukairudisha. Safari hii mzee alipovunja kipande kikalia, ka! Akacheka. Unga ulitoka vuguvugu, wenye chenga.

Jioni mume wangu alitafuna bukari, ugali wa unga ule, polepole, akauliza ni nani amesaga vibaya.

"Kula," mama yake akamwambia. "Hii njo bunga ya kweli."

Kusema kweli, hata mimi sikuupenda sana. Lakini mwezi uliofuata nilirudi kinuni peke yangu, mikono mitupu, nikaketi kumtazama mzee akichonga jiwe.