Umefunga Fizuri?

Wateja wangu hunicheka kwa jambo moja. Nikimaliza kutengeneza baiskeli, hata kama nilichobadilisha ni kengele tu, huinua gurudumu la mbele shubiri moja kutoka ardhini na kuliachia lianguke, nikisikiliza. Chuma kikigonga chuma, kuna nati iliyolegea. Basi nashika spana nakaza upya, kushoto na kulia, na mwenye haraka na aende kwa fundi mwingine. Sikuzaliwa na uangalifu huu. Niliupata baada ya kumvunja mtu mkono.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa na kibanda Garissa, juu ya mteremko unaoshuka kwenye daraja la Tana. Mimi ni Mwislamu wa kando ya mto, Kiswahili nimezaliwa nacho. Wateja wangu wengi walikuwa Wasomali, na Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, v ikigeuka f na p ikigeuka b, neno moja likibebeshwa mizigo mingi. Funga, kwa mfano. Mlango hufungwa, mbuzi hufungwa, nati hufungwa, na Ramadhani nayo hufungwa.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia jilaal, kiangazi chetu kikali, wakati mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo. Nami kazi yangu ilinitaka nikae kutwa nzima na beseni la maji miguuni, la kutafutia pancha. Tyubu inatoa mapovu, koo limekauka, na jagi la kuongezea maji liko hapo karibu.

Mchana mmoja akaja mzee wa Kisomali, maalim wa madrasa. Kila siku alivuka daraja kwenda kufundisha watoto ng'ambo, akiwaandikia aya kwenye vibao vya mbao kwa kalamu ya kijiti. Hati yake ilikuwa nzuri mno, hata wasiojua kusoma walisimama kuitazama. Gurudumu la mbele la baiskeli yake lilikuwa linayumba, na raba za breki zimeisha. Akaniachia, akaenda kuswali adhuhuri.

Nilifanya kazi vizuri, sitajinyima hilo. Nililitoa gurudumu, nikakaza spoki hizi na kulegeza zile mpaka ringi ikanyooka, nikaweka raba mpya nikihakikisha zinabana ringi bila kugusa tairi. Nikarudisha gurudumu, nikazungusha nati kwa vidole ili lishike kwanza. Nilikuwa nanyoosha mkono kuchukua spana. Mkono ukaenda kwenye jagi.

Nilikunywa nyuma ya kibanda, nimesimama, kama mwizi. Maji yalikuwa ya moto na yalikuwa matamu. Niliporudi, maalim alikuwa ameshashika usukani. Akanitazama usoni.

"Adeer, umefunga fizuri?"

Adeer ni ami, na wazee wa Kisomali humwita kijana kwa neno hilohilo analowaita yeye. Lakini mimi sikusikia mapenzi yaliyokuwa ndani yake. Nilihisi ndevu zangu zimelowa. Nikajua ameniona.

"Nimefunga, Maalim," nikasema. "Wallahi nimefunga."

Nadhani kiapo kilimshangaza kidogo. Akanishukuru, akapanda, akaondoka.

Nilikaa nikijipangusa kidevu, nikiona nimeponea chupuchupu. Ndipo nilipoiona spana, mchangani, palepale nilipoiacha. Nikaelewa aliuliza nini. Nikakimbia, lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia chini ya mteremko. Gurudumu lilikuwa limechomoka kwenye tuta. Watu walikuwa wanamwinua, na mkono wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Mtu mmoja alinikamata shati, akisema huyu ndiye fundi. Maalim akamwambia aniache. Hakupaza sauti.

"Nimemuuliza, amesema amefunga. Ameaba. Mtu na saumu hasemi urongo."

Shati likaachiwa. Na mimi, mwenye ulimi wangu mzima, nikanyamaza. Ningeweza kusema palepale. Nimelirudia jambo hilo miaka yote hii na sijapata udhuru hata mmoja. Niliona haya kwa sababu ya maji, nikaacha mzee wa watu aseme ni qadar ya Mungu.

Mkono ule ulipona ukiwa umepinda. Hakuandika tena; wanafunzi wakubwa ndio waliowaandikia wadogo, na hakuna aliyesimama kutazama hati zao. Baiskeli niliitengeneza upya, akaendelea kuniletea mpaka alipofariki, na hakuniuliza tena kama nimefunga. Aliniamini tu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni magharibi ya siku ileile. Nilikwenda kwake nikiwa nimedhamiria kusema. Nilimkuta ameegemea mto, mkono umefungwa kwa plasta, sahani ya tende mapajani. Nilifungua mdomo, na adhana ikaanza. Akachagua tende moja, iliyo nene kuliko zote, akaninyooshea.

"Nisamehe, adeer," akasema, "nakuba na mkono wa kushoto."

Nikaipokea. Nikasoma dua ya kufuturu kwa sauti, ili anisikie, nikala.