Nyumba za Ufunguo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na timazi langu la kupimia kuta mfukoni, nikijua nitaulizwa habari za ujenzi. Padri Msimamizi wa misheni ya Kismayu hakuniuliza lolote. Alinichukua kwa miguu mpaka karibu na forodha, akanionyesha baraza ya ghala moja la ngozi. Pale walikuwa wamejilaza watu kumi na kitu mchana kweupe: wazee, wajane, baharia mmoja aliyekatika mguu, mama na watoto wake juu ya gunia. Padri akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuparaza, "Hawa hakuna nyumba. Wewe fanya nyumba." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi.

Zilikuwa zama za Mtaliani. Mimi ni mtu wa kisiwa cha Chula, mtoto wa fundi na mjukuu wa fundi, Mwislamu kama watu wote wa visiwani. Jamaa zangu waliposikia nimeajiriwa na misheni walinuna. "Leo wawajengea, kesho utavaa msalaba," alisema ami yangu. Nikamwendea Padri nikamuuliza waziwazi. Akajibu, "Mimi naomba kwangu, wewe omba kwako. Mvua inanyesha juu ya wote." Na kweli, kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, sikumwona mtu akiulizwa sala yake kabla ya kupewa paa. Nalitanguliza hili kwa kuwa ni haki yao, na kwa kuwa yanayofuata yananihusu mimi zaidi kuliko wao.

Ninyi mliozoea matofali ya saruji hamuijui nyumba ya kiambaza, basi nieleze. Kwanza huchimbiwa nguzo za boriti, miti ya mikoko iliyonyooka. Kisha huwambwa fito, yaani vijiti vyembamba, zikafungwa kwa kamba nje na ndani ya nguzo mpaka nyumba ikawa kama tenga. Halafu hupauliwa na kuezekwa makuti. Mwisho hujazwa mawe madogo katikati ya fito, kazi tuiitayo kutomelea, ndipo ikakandikwa udongo. Mpaka kwenye kutomelea, kazi ni ya fundi. Kukandika si kwa fundi. Kwetu Chula, na visiwa vya Ngumi na Kudha vilevile, mwenye nyumba hupita mlango kwa mlango siku moja kabla, akaita watu kwa kinywa chake mwenyewe. Hatumi mtu. Asubuhi yake mtaa mzima huja, hawa wanateka maji, wale wanakanyaga udongo, na kila nyumba hutoa walau mkono mmoja. Mwenye nyumba hupika. Ukishatia tope lako katika ukuta wa mtu, una sehemu yako pale. Utapita kuuliza hali, na likitokea jambo utaingia bila kubisha hodi.

Nilijua hayo tangu naota meno. Kumbukeni hivyo.

Padri Msimamizi alipata kiwanja nyuma ya ukuta wa misheni, kando ya mtaa wa wavuvi, na akataka nyumba sita. Alikuwa mtu wa kamba na vipimo, mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Mkaguzi wao alikuwa anakuja kutoka Mogadishu, na Padri alitaka azikute nyumba zimekwisha. Nikachimbia, nikawamba, nikaezeka, nikatomelea. Tulipofika kwenye kukandika akaleta vibarua kutoka bandarini, watu wa kuja na kuondoka, wakazimaliza zote sita kwa siku nne. Kisha akatia milango ya mbao yenye kufuli za chuma, kila nyumba na ufunguo wake. "Mtu na ufunguo, mtu na heshima," alisema, na alisema kwa moyo safi.

Jioni ile alisimama nami uwanjani, akizitazama nyumba zake. Akaniuliza, "Fundi, kwa desturi yenu, sisi kuna kitu tumesahau?"

Neno lilinifika kwenye ulimi. Nikamtazama na kamba yake ya kupimia, nikaona haya kumweleza habari za kupita milango na kupika wali ili watu wakanyage matope. Niliona atatucheka, atasema hawa ni watu wa porini. Na kusema kweli, nilitaka kusifiwa mbele ya mkaguzi. Nikamjibu, "Hakuna, Padri. Yote tayari."

Mkaguzi alikuja, funguo zikatolewa, watu wakapiga makofi. Nyumba ya tatu alipewa Mwanamkuu, mjane wa Kudha aliyefiwa na mumewe hapo Kismayu, chumba cha kupanga kikamshinda. Alikuwa na mama yake mzazi, Bi Mwanatumu, kipofu. Mwanamkuu aliufunga ufunguo ule kwenye pindo la leso yake na kila mara akaugusa kuhakikisha upo. Alipata kazi ya kufua shuka za zahanati ya misheni. Kwa kuwa mama yake alipenda kutoka akipapasa ukuta, na mara moja nusura aangukie kisimani, akiondoka kwenda kufua alimfungia ndani.

Haikupita miezi mingi familia mbili zikarudi barazani kwa ghala la ngozi. Padri alichanganyikiwa. Alimwendea yule baharia wa mguu mmoja, akamuuliza nyumba ina kasoro gani.

"Nyumba haina kasoro," baharia akamwambia kwa lafudhi yetu ya visiwani, ambako mtu ni mchu. "Lakini hapa mchu akikohoa mwenzake humuuliza vipi. Kule nikikohoa nitakohoa hata nife."

Padri akanigeukia mimi nimfafanulie. Nikasema labda wamezoea uvivu. Mungu anisamehe, hilo nalo nililisema.

Moto ulitokea siku moja baada ya adhuhuri. Nilikuwa juu ya paa la zahanati nikibadilisha makuti, nikaona moshi kwa Mwanamkuu. Nilishuka sijui vipi, nikakimbia. Nilipofika, watu wa mtaa wa wavuvi walikuwa wamesimama pembeni, wengine na ndoo za maji mikononi, paa linawaka na ndani sauti ya Bi Mwanatumu inaita.

"Vunjeni mlango!" nikapiga kelele.

Mzee mmoja akaniambia, naye machozi yanamtoka, "Fundi, nyumba ya misheni hii, ufunguo hatuna. Tumewatuma wachu wakawaite wenyewe."

Hawakuwa watu wabaya. Nimekaa nao maisha yangu yote na nawajua. Wangekuwa wameikandika nyumba ile kwa mikono yao, wangeuvunja mlango ule kwa meno. Lakini hawakuitwa, hawakuikanyagia udongo, na mlango wenye kufuli ya Mzungu ulikuwa kwao mlango wa serikali. Niliuvunja kwa mtaimbo na kumtoa bibi yule nimembeba mikononi. Alifariki kabla ya alasiri. Mwanamkuu alifika mbio kutoka kwenye kufua, mikono ina povu la sabuni, anahangaika kufungua fundo la leso atoe ufunguo.

Padri Msimamizi alihamishwa mwaka ule, akaondoka akiamini ni makuti tu yaliyomponza bibi yule. Mkubwa wangu wa pili akawa Sista Mkuu, mwanamke mfupi, mchache wa maneno, aliyekijua Kiswahili kuliko vijana wa leo. Wiki ya kwanza alinikuta nimekaa kwenye mbao, timazi limelala chini. Akaniuliza nina nini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikamweleza yote, tangu swali la Padri mpaka jibu langu.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua, Sista."

"Na uliulizwa."

"Niliulizwa."

Nilitarajia atanifukuza, au aniombee kama wanavyofanya kwao. Akasema, "Radhi haiko kwangu. Nenda kwa mwenyewe. Ukirudi, utanifundisha nyumba inavyojengwa."

Mwanamkuu alikuwa amerudi barazani. Nilikaa chini mbele yake nikasema niliyokuja kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipinda na kupindua kipande cha ukindu kidoleni.

"Siwezi kukwambia nimekusamehe," akanijibu. "Nitakuwa nimesema uwongo na mamangu bado mbichi kaburini. Nijengee nyumba. Mara hii wachu nitawaita mwenyewe."

Akaita. Alipita mtaa mzima wa wavuvi, mjane peke yake, akisimama kila mlango na kusema, "Kesho nakandika, ndooni," yaani njooni. Mzee yule aliyelia siku ya moto ndiye aliyefika wa kwanza, na wanawe wote. Sista Mkuu alikunja mikono ya kanzu yake akachota maji kisimani na wenziwe. Mlango tuliutia komeo la mti, la kufunguliwa nje na ndani. Tangu siku hiyo ikawa kanuni ya kazi yetu: fundi hagusi boriti mpaka mwenye nyumba ajue majirani zake kwa majina, na hakuna kibarua kwenye kukandika. Tukawa tunajenga nyumba chache kwa mwaka. Waliokuwa wamerudi barazani tukawahamisha tena, na hakuna aliyerudi. Yule baharia akawa mfuma nyavu, na ukimtembelea hukosi kumkuta na wageni, mpaka mwenyewe hulalamika hapati usingizi.

Nilitumwa Ngumi msimu mmoja, dhoruba ilipoezua nyumba za watu, nikakaa miezi mitano. Kule sikuwa na la kufundisha. Nilirudi Kismayu nikamkuta mkubwa wa tatu, Padri kijana aliyependa saruji. Huyu naye aliniuliza siku ya kwanza kama kuna kitu anasahau. Nikamjibu kutwa nzima, mpaka akaomba maji ya kunywa. Vita vikaja, Waingereza wakaingia, Mtaliani akarudi tena, nami bado nawamba fito. Mwanamkuu nilikuwa nikimwona karibu kila siku. Tulisalimiana vizuri. Neno la kusamehe halikutoka, nami sikulidai.

Nilistaafu karibu na mwisho wa bendera ya Mtaliani. Mgongo ulikuwa umegoma. Siku nilipokabidhi zana ndipo nikatambua jambo la kuchekesha, kama si la kuliza: mimi niliyejengea watu nusu ya mtaa sikuwa na nyumba. Miaka yote nililala katika chumba cha wafanyakazi wa misheni, na chumba kile sasa alikuwa anakingojea fundi mpya. Nyumba ya baba Chula ilikuwa na watoto wa ndugu yangu, wamejaa pomoni. Kiwanja kidogo nilikuwa nacho, mwisho wa mtaa wa wavuvi.

Nikasimamisha boriti polepole, siku moja nguzo mbili. Nikaezeka kwa taabu. Ilipofika kukandika, nililala nikiwaza kupita milango, nikashindwa. Nilijiona mzee mzima niliyewahi kusimamia watu, sasa nikabishe hodi kama muombaji. Nikakanyaga udongo mwenyewe, alfajiri, nikaanza kukandika peke yangu upande wa nyuma nisionekane.

Jua lilipochomoza nikasikia vishindo. Mwanamkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, mzee sasa kama mimi, na nyuma yake watu wa mtaa na ndoo zao.

"Hukuita," akasema.

"Niliona haya, Mwanamkuu."

"Haya hiyo hiyo ndiyo iliyomuua mamangu."

Nililia mbele za watu na sikujificha. Aliinama akachota tope kwa mikono miwili, akalibandika ukutani kando ya mlango, akalisawazisha kwa kiganja taratibu kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Kisha wengine wakaingia kazini. Nyumba ikakandikwa yote kabla ya adhuhuri, na nani alipika sikujua.

Vijana huniuliza kazi yetu ilikuwa kujenga au kutoa sadaka. Huwaambia ilikuwa kuuliza, na kujibu kweli ukiulizwa. Mengine ni miti na udongo.

Walipoanza kutawanyika, Mwanamkuu alibaki akiutazama mlango wangu.

"Mlango una ufunguo?" akaniuliza.

"Hauna," nikamwambia. "Komeo tu. Wafunguka nje na ndani."

Akaenda mwenyewe akalijaribu lile komeo, akafungua, akafunga, akafungua tena. "Basi nimekusamehe," akasema, akaomba maji anawe mikono.