Mama Pini na Wadudu wa Visiwa Saba

Jamani, kuna kazi ukimtajia mtu anadhani unamtania. Mama Pini kazi yake ni kuwachoma pini wadudu waliokufa, katika stoo ya makumbusho isiyo na dirisha. Mwaka wa ishirini na sita huu. Hakuisomea, alianza kwa kufagia humo, akawa anachungulia.

Safari hii waliletwa wadudu wa kijani, wadogo kama punje za mchele, wanaofyonza majani katika visiwa saba vilivyofuatana. Mama Pini ana mazoea yake: kila mdudu humwekea kipande cha jani alilokutwa nalo. Akawapanga kwa majani yao.

Mkuu wa stoo, kijana wa juzi tu, akaja na amri.

"Mama, hawa wote ni aina moja. Nafasi hakuna. Kesho nataka wawe kwenye kasha moja, na hayo majani tupa."

Mama Pini roho ikamruka. Wakishachanganywa, nani atajua tena nani alikula nini?

"Mwanangu, mbona wa jani la vinyweleo hajakutwa hata mara moja kwenye jani nyororo?"

"Mama, wanafanana kama pacha!"

"Umewatazama nyuso. Matako je?"

"Mama! Heshima!"

"Heshima nimewapa tangu hujaanza shule. Hebu inama hapa."

Kijana akainamia hadubini huku anacheka. Kicheko kikakatika. Dume wa jani la vinyweleo, ncha yake ya nyuma ilipinda kama ndoana. Wa jani nyororo, kama kijiko. Akavuta kiti. Akaomba wa tatu, wa nne. Chai yake ikapoa.

"Inaelekea mababu zao walipeperushwa na upepo," akasema taratibu. "Kila walipotua, wengine wakang'ang'ania mmea mpya, wakazaliana wenyewe kwa wenyewe, hadi..."

"Hadi hawaoani tena."

"Naam. Ila hawa wa mmea mtambaazi na hawa wa kichaka umekosea kuwatenganisha, mama. Ndoana ni ile ile."

Mama Pini akachungulia, akapiga makofi. "Kumbe! Hawa hawachagui chakula, kama shemeji yangu!"

Zikapatikana aina tano, kila moja na majani yake.

"Sasa makasha matano tutayaweka wapi?" kijana akauliza.

"Ofisini kwako si kuna kabati la makoti?"

Alasiri hiyo hiyo makoti yakahamia msumarini.