Kimlango Chini ya Tumbo la Ndege

Miaka ya sabini niliamini kwa moyo wangu wote kwamba ndege ikifika juu ya mpaka wetu na Uganda pale Malaba husimama hewani, askari wa forodha akapanda ngazi kukagua mizigo. Kama lori husimama, ndege ni nani ipite bure? Habari hiyo niliitoa kwenye foleni ya malori, nami nilikuwa nimehitimu masomo ya usiku, si mtu wa kudanganywa ovyo.

Dada yangu alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Ulaya. Mama akakataa katakata. "Mtoto wangu hapandi kitu kisichogusa chini."

Nikaamua kumtengenezea ndege aone ilivyo imara. Mifupa ilikuwa matete. Ngozi ilikuwa nailoni ya kufungia mashati, niliyoipitishia pasi ya makaa juu ya kitambaa mpaka ikakaza kama ngoma. Iling'aa hadi Uganda wakafumba macho!

Mama akaibonyeza kwa kidole. "Huu si mfuko?"

Iliniuma. Nikaifuta kwa spiriti ili wino ushike, nikachora mistari pale mabati yanapoungana. Kisha riveti, ile misumari ya kuunganishia mabati: nikachovya kijiti cha kiberiti kwenye gundi yenye rangi ya fedha, nikadondosha moja moja, zikawa nyingi kuliko kunguni wa lojing zote za mpakani. Mwisho, chini ya tumbo, nikabandika kimlango chenye bawaba.

"Na hiki?" Mama akauliza.

"Cha forodha, Mama. Ikisimama hapo juu, utampungia dada mkono."

Dada akacheka mpaka akakaa chini. "We bwana! Hata chai nitateremka kunywa?" Halafu akauona uso wa Mama, akainuka akajipangusa vumbi.

Asubuhi Mama akaiweka ndege kwenye karai, akajitwika, akatoka kwetu Mundika kwa miguu hadi Busia mjini. Aliporudi alikaa karibu nami, vumbi hadi magotini, akaipakata ndege kama mtoto aliyelala.

"Mzee wa duka la kanga alikwenda Maka kwa ndege," alisema. "Na yuko pale, anauza. Nimemwonyesha. Anasema misumari iko vile vile ulivyoiweka. Mwambie dada yako afunge sanduku."

Nikaruka kwa furaha. Akanishika mkono.

"Lakini haisimami hapa, mwanangu. Inapita tu."