Maji ya Kuoshea Brashi

Maji hayakuwa ya kisimani. Nimekana jambo hili tangu nikiwa na miaka tisa, mbele ya watu wazima, mbele ya mchungaji, na mara ya mwisho nikiwa na shahada mbili na miwani ya kusomea. Leo nasema: brashi za mama mdogo niliziosha kwa maji ya karai la zebaki.

Kilichonifungua mdomo ni harufu. Wiki iliyopita binti yangu aliosha brashi zake za vipodozi, akazianika sebuleni, na nyumba nzima ikanuka mbuzi aliyenyeshewa. Brashi nzuri hutengenezwa kwa manyoya ya mbuzi, na zikilowa hazifichi ukoo wake. Binti yangu alicheka. Mimi nilienda kukaa chumbani kama mtoto anayesubiri fimbo.

Mama mdogo Ghati, mdogo wake mama yangu, alinilea kijijini Nyakunguru miaka ya dhahabu, miaka ambayo mwanamume aliweza kuamka akidaiwa chumvi na kulala akinunulia baa nzima bia. Mumewe alichimba. Yeye alijifunza urembo Kisii, akafungua saluni ya mabati yenye kioo kimoja na picha ya mwanamke asiyefanana na yeyote wa kwetu. Wachimbaji walipopata, walioa. Walipooa, bibi harusi alipakwa poda. Brashi zilikuwa nne, zinakaa kwenye kopo la maziwa, na mimi ndiye niliyekuwa mwoshaji wake.

Kazi hiyo nilifundishwa kwa ukali kuliko sala. Maji ya vuguvugu, kipande cha sabuni ya kuogea, kamwe si ya unga. Unazungusha brashi kiganjani taratibu, unakamua manyoya kwa kushuka chini, huvuti. Maji yasifike pale manyoya yanapoingia kwenye mpini, maana gundi ikilainika brashi inanyonyoka kama kuku mgonjwa. Ukimaliza unayarudisha manyoya kwenye umbo lake kwa vidole, kisha unailaza mezani kivulini, kichwa kikining'inia nje ya ukingo.

"Na usiisimamishe ikiwa mbichi," mama mdogo alisema kila mara. "Wewe ukilala umesimama utapendeza asubuhi?"

Ijumaa moja ya kiangazi alinituma kisimani. Kesho yake alikuwa na bibi harusi wa kijiji cha Matongo, Nyangi, binti mrefu aliyeimba kwaya ya kanisani kwetu. Mto ulishageuka uji wa udongo kwa sababu ya waosha dhahabu, na foleni ya kisimani ilizunguka hadi barabarani. Nilisimama kidogo, nikachoka, nikarudi na ndoo tupu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na karai la baba mdogo. Maji yake yalikuwa yametulia, maangavu kabisa. Kumbuka nilikuwa mtoto mwenye akili nyingi darasani.

Niliosha brashi tatu kwa raha. Ya nne, ile kubwa ya poda, nilipoikamua, kitu kilitoka katikati ya manyoya kikatembea kiganjani mwangu. Tone dogo la fedha. Likagawanyika mawili, yakakimbizana, yakaungana tena.

Kila mtoto wa Nyakunguru aliijua zebaki. Kwenye karai lile baba mdogo aliichanganya na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha akaikamua kwa kitambaa. Alikuwa ametuonya, kidole kikiwa karibu na pua zetu: "Hii ikiingia mwilini haitoki. Inamla mtu ndani polepole, huku nje anacheka."

Nilizikung'uta brashi, nikazifuta kwa sketi, nikazilaza mezani vichwa nje, kama nilivyofundishwa. Ningeweza kusema wakati ule. Mama mdogo alikuwa hatua kumi tu, akisuka mtu na kumsimulia umbea. Nilienda kulala jua likiwa juu.

Kesho yake Nyangi aliingia kanisani aking'aa, nami nikamshukuru Mungu. Wakati wa keki macho yake yalianza kujifunga. Mpaka ndugu wanaleta zawadi yalikuwa maandazi mawili, na jicho la kushoto lilitoa maji yasiyokatika. Watu wakadhani analia kuagana na kwao. Mimi peke yangu nilijua kwamba ameanza kuliwa.

Jumatatu mama yake Nyangi alifika saluni bila hodi.

"Ghati! Umempaka nini mtoto wangu? Brashi zako chafu zimemtoboa macho!"

Mama mdogo aliniita. Niliingia nikiwa nimeshika kanga yake iliyoning'inia mlangoni.

"Bhoke, brashi uliziosha kwa maji gani?"

"Ya kisimani."

Alinitazama kwa muda ambao mpaka leo sijaweza kuupima. Kisha akamgeukia mgeni. "Umesikia. Mtoto wangu hasemi uongo."

Yule mama aliondoka, na wateja wakaondoka naye. Miezi mingi ile picha ya ukutani ilikuwa na mimi tu wa kuitazama. Wiki hiyo mama mdogo alisema brashi zimeibwa, akaagiza nyingine Kisii. Nilimwombea mwizi baraka tele.

Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kumchunguza Nyangi atakufa lini. Kila Jumapili nilikaa nyuma yake. Uvimbe uliisha, lakini jicho la kushoto lilibaki dogo, linachuruzika. Baada ya miezi michache tumbo lake lilianza kujaa, na nikaelewa kila kitu: zebaki imeungana, kama ilivyoungana kiganjani mwangu, sasa inampasua. Nilikonda. Nilikojoa kitandani, msichana wa darasa la nne! Alipojifungua Chacha, mtoto mnene mwenye sauti kama ya ng'ombe, niliomba kumpakata. Nilimkagua kope, nikamkagua ulimi, na waliokuwapo wakasema Bhoke anapenda watoto.

Chuo kikuu nilisomea fasihi, lakini muda mwingi maktaba niliutumia kwenye rafu za kemia. Baadaye nikawa mtu wa kuandika makala. Moja ilihusu ujasiri wa kusema kweli, ikasifiwa sana.

Mama mdogo aliuliza tena, mara tatu au nne kwa miaka yote, siku zote akiwa anachambua mchicha au anafunga mzigo wangu wa safari. "Bhoke, yale maji yalikuwa ya kisimani kweli?" Nilijibu ya kisimani, mama. Alicheka kidogo, akabadilisha mazungumzo.

Alifariki mwezi uliopita. Juzi Nyangi, ambaye sasa ni Mama Chacha na anaishi Kemambo, alinipigia kunipa pole, kwa kuwa miguu haikumruhusu kufika msibani. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa pole, na kabla hajamaliza nikamwambia yote. Karai, tone, sketi.

"Brashi gani?" akauliza.

"Za harusi yako, dada."

"Mimi sikupakwa kwa brashi. Ghati alitoa ile kubwa, akaipeleka dirishani, akaitazama weee. Akazifunga zote kwenye gazeti, akaenda nazo chooni, akarudi mikono mitupu. Akanipaka kwa vidole."

"Sasa macho?"

"Krimu. Nilinunua kule Sirari mpakani kwa siri, ya kung'arisha ngozi. Nilijipaka wiki nzima mpaka kwenye kope, mama asijue. Ghati aliona ngozi imechubuka, akanitazama tu. Mama alipoenda kumtukana nilikuwa ndani, nimejifunika. Nikasema moyoni, leo atanitaja. Hakunitaja."

Kumbe mama mdogo alijua tangu asubuhi ya harusi. Yale maswali ya kwenye mchicha hayakuwa ya kutafuta jibu. Alikuwa ananifungulia mlango, na mimi kila mara niliufunga kwa adabu.

"Ulikuja kumwambia Ghati lini?" Mama Chacha akauliza.

"Sikumwambia."

"Hata mimi sikumwambia," akasema.