Mfungo wa Papa Douce

Pascaline, fundi cherehani wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, aliyetoka Bukavu, hana mchezo na maombi. Kanisa likitangaza mfungo, kwake hata sufuria hufunga. Mumewe Cishahayo, ambaye yeye humwita Papa Douce kwa jina la binti yao, alikuwa na saratani iliyofika mifupani.

Nesi mmoja wa Lilongwe alimpa mofini ya maji na kumweleza Pascaline taratibu. Haiponyi saratani, bali inapunguza maumivu yanayofika kwenye ubongo. Apewe kila baada ya saa nne, kipimo kilekile, hata asipolalamika. Itamfunga choo, basi ampe na dawa ya kulainisha. Ikizidi, pumzi hupungua hadi ikatike. Pascaline alishukuru kwa Kichewa, zikomo, zikomo, na kwa wiki kadhaa alifuata. Cishahayo akarudi kukaa mlangoni na kuwatania wateja wa mkewe.

Kisha kanisa likafunga kumwombea, na Pascaline, kwa ukaidi wake, akaamua mgonjwa naye afunge, hata tone la dawa lisipite. Kutwa nzima Cishahayo aliuma shuka. Jioni, baada ya amina, mkewe akafanya kama wafanyavyo kwa chakula: cha mchana kilichowekwa huliwa pamoja na cha jioni. Akamimina vipimo vyote vya siku ile katika kikombe kimoja, akamnywesha.

Cishahayo akalala, na maskini Pascaline akamshukuru Mungu kwa usingizi ule. Punde akasikia mkoromo unaokatika, kisha kimya kirefu. Alimtikisa, hakuamka. Jirani yao Melchior aliwakimbiza Lilongwe kwa gari lake, Pascaline akimpigia mumewe kelele sikioni avute pumzi, naye akiivuta kwa kuchelewa.

Hospitalini walimchoma sindano ya kuondoa nguvu ya mofini. Sindano hiyo haichagui: iliondoa usingizi, ikaondoa na nafuu. Cishahayo alifumbua macho, na maumivu yote yakamrudia kwa pamoja. Alilia kwa sauti. Pascaline akacheka kwa furaha kwamba anapumua, kisha akasikia anachokichekea, akaona aibu kubwa.

“Nisamehe, Papa Douce. Nilitaka Mungu akuone.”

Cishahayo alingoja hadi akapata pumzi ya kusemea.

“Mama Douce, ile kufunga Mungu hakuniombaka. Ni we.”